Maktaba mbovu haikwambii kama ni mbovu (mhadhara wa wazi, Kigoma)

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Nashukuru mmejaa, nilidhani mpira ungewabakiza wote majumbani. Nimeombwa nisikae sana mbele hapa, tutaona.

Nianzie ziwani kwetu. Wale samaki wa mapambo wa kwenye mawe, sikilidi, mwaka 2014 watafiti walitoa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, za spishi 5 za Afrika kwa mpigo, mmoja Neolamprologus brichardi ni wa Tanganyika hii hii, na mwingine wa Ziwa Victoria anaitwa Pundamilia nyererei, ndiyo, kapewa jina la Mwalimu. Watu wakasifia matokeo weee, ila swali la maktaba, yaani ule mkusanyiko wa vipande vya DNA uliosomwa, ilitengenezwaje huwa halisikiki, na mimi nikisoma kazi ya mtu naanzia hapohapo.

Sasa iko hivi. DNA ni ndefu mno, ya binadamu ina kama herufi bilioni 3, na hakuna mashine ya kuisoma mwanzo mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo lazima uikate, na vile vipande vyote ukivihifadhi kwa namna ambayo unaweza kukichukua kimoja ukakizalisha, hiyo ndo maktaba. Njia ya zamani unatumia kimeng'enya, mfano EcoRI, chenyewe kikikuta GAATTC kinakata. Lakini ukikiachia kikate kila mahali umekwisha, maana seli zote zitakatika sehemu zilezile. Chukua nakala kumi za gazeti moja uzikate zote kwenye mstari uleule, utajuaje ukurasa gani unafuata upi? Ila ukikata kila nakala kwake, vipande vinapandiana, unaunga. Ndiyo maana tunakipa dozi ndogo na dakika chache, halafu tunakisimamisha.

Baada ya hapo unachukua plazimidi, ule mduara mdogo wa DNA ya bakteria, unaukata kwa kimeng'enya kilekile, unagundisha kipande chako kwa ligesi, kimeng'enya cha kuunga DNA, unaingiza kwenye bakteria E. coli, unamwaga kwenye sahani unaacha usiku kucha. Asubuhi hapo patamu jamani! Sahani imejaa madoa meupe na ya bluu, kila doa ni kundi la bakteria. Ya bluu ni plazimidi iliyojifunga yenyewe bila kubeba kitu, jeni yake ya lacZ bado nzima inaivunja ile dawa ya X-gal na kutoa rangi. Jeupe maana yake kuna kipande kimeingia katikati ya ile jeni kikaiharibu, na ndicho tunachotaka. Ukikuta sahani bluu tupu, nunua chai urudi kuanza upya.

Unahitaji madoa mangapi? Wanasayansi Clarke na Carbon walitoa hesabu yake mwaka 1976. Kwa jenomu ya binadamu, ukitumia, badala ya plazimidi, virusi vya bakteria vinavyobeba vipande vya herufi 20,000 na unataka uhakika wa asilimia 99 kwamba jeni yako imo, unahitaji kama 690,000. Yaani umehifadhi zaidi ya jenomu 4 nzima na bado unaweza ukaikosa! Ukitumia kromosomu bandia za bakteria, zinazobeba herufi 150,000 hivi, inashuka mpaka kama 92,000, na ndo maana mradi wa jenomu ya binadamu, ule wa 1990 hadi 2003, uliegemea hizo.

Kuna maktaba nyingine inaanzia kwenye RNA, ile nakala ambayo seli hutoa ya jeni inayofanya kazi, unairudisha kuwa DNA kwa kimeng'enya ambacho Temin na Baltimore walikitangaza 1970. Hii inakupa jeni zinazofanya kazi tu, kwenye kiungo kile na muda ule. Ukitengeneza kutoka kwenye ini la samaki halafu ukatafute jeni ya jicho, unaweza usiipate kabisa, na mwanafunzi anaandika "haipo". Ipo! Ni wewe hukuiweka. Maktaba haitakupigia kelele kwamba kuna kitu kimebaki nje, inakaa kimya tu, na mashine ya mamilioni itasoma ule upungufu wako vizuri kabisa.

Siku hizi bakteria hatuwasumbui sana, unavunja DNA hata kwa mawimbi ya sauti, unasawazisha ncha, unaunga adapta, vipande vifupi vya DNA, zenye lebo ya kila samaki, unachanganya wote mashine inasoma pamoja. Rahisi, lakini ugonjwa ni uleule. Wenzetu wanaofuatilia sokwe wa Gombe wanaokota kinyesi msituni, vizuri sana maana mnyama humgusi, ila humo DNA nyingi ni ya bakteria na ya alichokula, ya sokwe mwenyewe ni kidogo, ukitengeneza maktaba hivihivi umepata maktaba ya bakteria. Inabidi kwanza uivue ya sokwe kwa chambo za DNA, vipande vinavyonasa ya sokwe tu.

Mama pale nyuma ameuliza, dagaa wa hapa na wa Zambia ni wamoja? Swali zuri mama yangu. Utafiti wa 2019 kwa Stolothrissa, dagaa wetu, ulitumia maktaba inayobakiza vipande vya jirani na sehemu za kukatia tu, inatosha kulinganisha samaki wengi kwa bei nafuu, na haukuona makundi tofauti ziwani. Kwa hiyo 2024 tulipofunga ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, faida na hasara haiishii kwetu, nchi 4 zinavua dagaa mmoja. Lakini nasema vilevile, maktaba ile ilisoma sehemu ndogo ya jenomu, kama kuna tofauti imejificha kwingine isingeiona.

Na kijana uliyeuliza kama dagaa mkavu anafaa: anatoa DNA, ila imekatikakatika, kwa vipande virefu hakufai. Kata pezi la samaki mbichi, tumbukiza kwenye ethanoli ya asilimia 95, na formalini usiiguse kabisa, hiyo inaigandisha DNA na protini mpaka kuichomoa inakuwa vita. Haya, nani mwingine?