Bima Ilipe Ng'ombe Akiwa Hai

Waheshimiwa wa kaunti, machifu, wazee wangu, akina mama wa vikundi vya akiba, asanteni kwa kuja.

Siku hizi ukitaja bima na majanga hapa Kenya, watu hufikiria mafuriko. Ni haki yao. Tuliona Mai Mahiu mwezi wa Aprili 2024, tukaona Mathare, na picha zile hazijatutoka. Lakini leo nitabaki kwenye ukame, maana ndio unaokula mali ya watu wa kaskazini, tena unakula kimyakimya. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa mibaya. Nchi ilipoteza mifugo milioni 2.5 hivi. Kila mmoja humu ndani anaijua hesabu ya boma lake.

Kwa miaka mingi hakuna kampuni iliyotaka kumkatia mfugaji bima, na sababu yao ilikuwa na uzito. Bima tuliyoizoea humtuma mtu aje aone hasara kwa macho. Sasa amtume nani North Horr akahesabu mizoga ya ngamia iliyotapakaa mwendo wa siku tatu? Gharama ya safari ingezidi fidia yenyewe.

Mwezi wa Januari 2010, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na washirika wake walileta njia nyingine Marsabit. Badala ya kuhesabu mizoga, setilaiti hutazama ukijani wa malisho. Eneo zima hupimwa pamoja, likalinganishwa na rekodi ya miaka iliyopita. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa, bila mtu kuja kukagua. Aliyeongoza kazi hiyo ni mchumi Mkenya, Andrew Mude, na mwaka 2016 alipewa tuzo ya Norman Borlaug kwa ajili yake. Wajir nao, mwaka 2013, walipata bima ya namna hiyo kwa utaratibu wa takaful, yaani bima ya Kiislamu, ili Mwislamu asiingie kwenye jambo analolitilia shaka katika dini yake.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Mkataba wa kwanza ulikuwa ukikadiria vifo. Setilaiti inaona malisho yamekauka, hesabu inakadiria mifugo wangapi wamekufa, ndipo pesa zinatoka. Ukame wa 2011 ulipokuja, malipo yalitoka Oktoba. Watafiti waliofuatilia kaya zilizolipwa waliona kwamba ziliuza mifugo michache kwa bei ya kutupa na zilipunguza kuruka milo, kwa hiyo pesa zile zilisaidia. Lakini ng'ombe aliyekwisha kufa hafufuki kwa fidia. Mfugaji alihitaji pesa zile wakati ng'ombe bado anasimama.

Baadaye mkataba ulibadilishwa, na nadhani hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko hata setilaiti yenyewe. Sasa kinacholipiwa ni upungufu wa malisho. Serikali ilipoanzisha mpango wake Turkana na Wajir mwaka 2015, ililipia kaya maskini bima ya vipimo vitano vya mifugo, na fidia yake ilikuwa hadi shilingi 14,000 kwa kipimo kwa mwaka. Ng'ombe mmoja ni kipimo kimoja. Mbuzi au kondoo kumi ni kipimo kimoja vilevile. Kiasi hicho hakikukusudiwa kununua ng'ombe mpya. Kilikusudiwa kununua marobota ya nyasi, maji na dawa, ili yule uliye naye avuke kiangazi.

Kwa hiyo ajenti anayesimama sokoni akisema, "Ng'ombe wako akifa tutakulipa," anadanganya, na uongo huo huua bima kuliko ukame. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, hulipwi. Akiliwa na simba, hulipwi. Hata kwako kukikauka huku sehemu kubwa ya eneo lako bado ni kijani, huenda usilipwe. Mtu aambiwe hayo kabla hajatoa shilingi yake.

Vipimo navyo hukosea. Serikali ya Malawi ilikata bima ya ukame kwa msimu wa 2015/16. Mvua zikakosa, watu zaidi ya milioni 6 wakahitaji chakula, na kompyuta ikasema hakuna cha kulipa. Ilipochunguzwa, ikaonekana hesabu ilidhani wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu, ilhali wengi walikuwa wamehamia mbegu ya muda mfupi. Hatimaye walilipwa dola milioni 8.1, lakini njaa ilikuwa imeshaingia majumbani. Kosa lile lisingefika mbali kama mtu angewauliza wakulima mapema wanapanda nini. Kwetu, wazee wanaojua mifugo huhamia wapi mwezi gani wakae meza moja na wachora ramani.

Sisemi bima ibebe kila kitu. Kiangazi cha kawaida, kinachorudi kila baada ya miaka michache, ni rahisi zaidi kukikabili kwa akiba ya dharura ya kaunti. Bima ni ya ule mwaka mbaya unaofilisi.

Waheshimiwa, ombi langu kwenu ni la kalenda. Bima hii huuzwa Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba, kwa sababu mvua zikishaanza kuonyesha sura yake hakuna atakayekuuzia. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Fungu la bima likitolewa Novemba, vuli imeshafunguka au imeshakosa, na pesa hizo hazimkingi mtu kwa msimu huo. Liwekeni kati ya mafungu ya kwanza kutolewa. Na orodha ya kaya zitakazolipiwa isomwe kwenye baraza la chifu kabla ya mwisho wa Agosti, ili aliyeachwa apate muda wa kulalamika.