Mnaoniuliza Kwa Nini Bibi Hatukumrudisha Nyumbani, Jibu Ni Hili

Haya ndugu zangu wa Nyarugusu, wa Kigoma, wa Uvira na Baraka, na ninyi mliotawanyika huku Marekani kama mimi, hamjambo. Leo sina mapishi wala siwatembezi dukani. Nimekaa kwa sababu kila ninachoweka hapa, hata kama ni theluji tu, chini yake lazima mtu aandike: "Bibi yenu mmemwacha kwenye baridi, mlishindwa kumrudisha kwao?" Mmoja kaongeza kwamba gari langu lingetosha kulipia nauli ya jeneza. Gari lenyewe, kwa taarifa yako, ni la benki.

Nikitaja pesa mtasema najionyesha. Nikitaja shida mtasema nimepewa Marekani na bado nanung'unika. Semeni tu, nitazitaja zote mbili.

Bibi alifariki hapa Des Moines, Iowa, Februari 2025, wiki ileile waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mashariki mwa Congo. Uwanja wa ndege wa Kavumu, ndio wa Bukavu, ulishachukuliwa. Kwao Bibi ni Fizi, hukohuko Kivu Kusini. Ili mwili ufike Fizi ilibidi tuushushe Bujumbura, tuvuke mpaka hadi Uvira, halafu tufuate barabara ya kando ya ziwa mpaka Baraka. Na siku zile watu walikuwa wanavuka mto Rusizi kwa maelfu kukimbilia Burundi. Watu wanatoka na watoto mgongoni, mimi nipishane nao nikiingia na jeneza? Kule ndani nani angenipokea?

Wengine mnasema basi mngempeleka Nyarugusu alikozikwa mume wake. Hilo ndilo lililotuuma. Lakini Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi huko Tanzania, kuingia ni kwa kibali, na sisi tulishatoka kwenye orodha ya kambi. Tuombe kibali cha walio hai, tuombe na cha marehemu, huku mwili uko kwenye jokofu na kila siku inahesabiwa kwenye bili.

Kuzika hapahapa kulizidi dola 8,000, na jiwe bado. Kiwanja cha kaburi peke yake, kuchimba peke yake, jeneza peke yake. Kisha makaburi yenyewe yanadai sanduku la zege la kuweka jeneza ndani yake, ili ardhi isije ikadidimia. Nikauliza, tukikataa? Wakasema basi tafuteni makaburi mengine. Na hapana, serikali haikutoa kitu. Tena ile pesa ya wazee, SSI, ambayo serikali inawapa wazee wasio na kipato kila mwezi, ikiingia kwa mwezi uliofuata baada ya mtu kufariki, inarudishwa. Tuliirudisha.

Hiyo pesa ya wazee ndiyo inanifanya niseme habari za Bibi mwenyewe, maana mnamtaja kama mzigo tuliokuwa tunaubeba.

Tulifika Marekani 2015, kama wakimbizi kutoka kambini. Mnajua tiketi za ndege tunazokuja nazo ni mkopo, hauna riba lakini unalipwa. Bibi alisema deni lake liishe kwanza, hataki kufa na deni la ndege. Mama na Baba walikuwa kiwanda cha nyama zamu ya usiku, sisi watoto tukabaki naye. Asubuhi uji, kunyoosha nguo, kutusukuma kwenye basi la shule. Kiangazi analima lengalenga, yaani mchicha, kwenye kiploti tulichopewa mjini, anauza kwa Waafrika wenzetu, hela inakwenda Makere, kijiji cha jirani na kambi, kwa mtu mwenye laini ya simu ya kupokea pesa, na kutoka hapo inaingia kambini kwa Mama Mdogo.

Sasa, mkimbizi mzee asipopata uraia, ule msaada unakatwa baada ya miaka saba. Kuomba uraia unasubiri miaka mitano. Kwa hiyo una kama miaka miwili ya kuhangaika, na yetu ikaangukia kwenye korona, ofisi zimefungwa. Ada ilikuwa dola 725. Ipo fomu ya kuomba usamehewe hiyo ada. Tukaijaza, ikarudi kwa sababu ya barua moja tu, tukaituma upya. Miezi ikaenda.

Na mtihani ni wa Kiingereza. Wazee wenye kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, kwa miaka 15 au 20 wanaruhusiwa kujibu kwa lugha yao, Bibi alikuwa na mitano. Kuna fomu ya daktari ya kukuondoa kwenye mtihani, lakini kutojua kusoma si ugonjwa, na uzee peke yake hauhesabiwi. Daktari hakusaini. Sikumlaumu, ingawa Mama alimlaumu sana.

Basi Bibi, aliyekuwa anasaini kwa kidole gumba, akafundishwa na mdogo wangu wa darasa la tatu. Jina la Washington alilisuka herufi kwa herufi kama ukili. Mara ya kwanza sentensi ya kuandika ilimshinda. Aliporudi akaiandika, na maswali ya historia na serikali, ambayo wakati ule ulitakiwa upate sita kati ya kumi, akapata yote sita ya mwanzo wakaacha kuuliza. Siku hiyo alinunua kuku wawili kwa hela yake.

Kisa cha kutaka uraia haraka hakikuwa msaada tu. Alitaka Mama Mdogo aje. Kesi ya Mama Mdogo ya kuja kama mkimbizi ilipita, vipimo vikapita. Januari 2025 Rais Trump, alipoingia tu, akasimamisha kupokea wakimbizi, safari zikafutwa. Bibi alikuwa ameshatandika kitanda. Mama Mdogo aliona mazishi ya mama yake kwenye simu, mtandao unakatika. Kwa hiyo ukiniandikia "mlishindwa", ujue unamwandikia na yeye, kwa sababu anasoma.

Na wale wa kundi la WhatsApp mlioahidi michango mkitaja kiasi mbele ya watu, majina ninayo. Sisomi leo.

Jiwe limechelewa kwa sababu ya tarehe. Karatasi zinasema Bibi kazaliwa 1 Januari 1948. Wakimbizi mnacheka, kwa sababu mnajua: ukiandikishwa bila kujua siku, unapewa Januari mosi. Jengo letu nusu tuna siku moja ya kuzaliwa. Mjomba anataka mwaka tu. Mama anasema tarehe hiyo ndiyo iliyomvusha Bibi kila ofisi, iandikwe yote. Mimi niko upande wa Mama.

Msichukue haya kama ushauri. Mimi si wakili, sheria zinabadilika, na familia nyingine imesafirisha na imefika salama. Ulizeni watu wenu.

La mwisho: kuna akaunti imechukua picha ya Bibi inaomba mchango wa jiwe la kaburi. Si sisi. Jiwe tunalilipa wenyewe kidogo kidogo. Ukiombwa hela kwa jina lake usitume, iripoti hiyo akaunti, na uniwekee hapo chini jina wanalotumia sasa, maana wamelibadilisha tena.