Mateke na mateka: undugu wa muay thai, kun khmer na lethwei

Haya jamani, habari za jioni. Sogeeni mbele hapa mkekani msiogope, hiyo feni ya nyuma inapiga kelele na mi sauti yangu si mnaijua. Leo hatuanzi na mazoezi, mtanivumilia kidogo alafu ndo tufunge bandeji. Nimeombwa niongelee hii michezo ya ngumi na mateke ya Asia ya Kusini Mashariki, sababu humu kuna vijana kila siku wanabishana kwenye grupu la WhatsApp, huyu anasema muay thai ya Thailand ndo baba lao, yule kaona video ya lethwei, ngumi za Burma, ndo Myanmar ya leo, watu wanapigana vichwa anasema hiyo ndo kiboko, sasa mi nawaambia hao mnaowashindanisha ni ndugu wa nyumba moja, na wenyewe kwa wenyewe huko kwao wanagombana kuliko nyie.

Tuanzie 2023. Mwezi wa tano Kambodia waliandaa SEA Games, michezo ya kanda yao ile, na wao ndo wenyeji, wakasema safari hii mchezo unaitwa kun khmer, yani ngumi za Wakhmer, ndo Wakambodia wenyewe, hakuna cha muay, jina la Kithai. Thailand wakasusa, hawakupeleka bondia hata mmoja kwenye mchezo huo. Unaweza kusema watu wanatafuta kiki tu, na kweli kiki ulingoni zilikuwepo za kutosha (sawa, chekeni), ila ugomvi ule ni wa zamani. 1995 Kambodia walishapendekeza litafutwe jina moja la kanda nzima, Thailand wakagoma. Na si ngumi peke yake, hawa wamegombania mpaka hekalu, Preah Vihear, kesi ikafika mahakama ya kimataifa The Hague, 1962 ikaamuliwa ni la Kambodia na bado hawajamalizana.

Sasa ukiuliza nani alianza. Mkambodia atakupeleka Angkor, mji mkuu wao wa kale, kwenye hekalu la Bayon la mfalme Jayavarman wa Saba, mwisho mwisho wa karne ya 12 huko, akuonyeshe ukutani watu wamechongwa kwenye mawe wanapigana. Mthai atakwambia tulia nikuhadithie Nai Khanom Tom. Waburma 1767 waliuteka mji wa Ayutthaya, mji mkuu wa Wathai enzi hizo, wakauchoma, wakaondoka na watu, na kati ya hao mateka alikuwemo huyu bwana. Inasimuliwa kwamba 1774 mfalme wa Burma alitaka kuona ngumi za wapi kali, Khanom Tom akatolewa, akacheza kwanza ngoma yake ya heshima taratibu, Waburma wanamwangalia wanasema huyu anaroga, alafu akawashusha mmoja baada ya mwingine mpaka kumi. Mpaka leo Thailand kila tarehe 17 Machi ni siku yake.

Hadithi tamu, na wanaoipenda huishia hapo kwenye ushindi. Mi nataka mwangalie kitu kingine. Mtu kachukuliwa mateka, kafikishwa nchi ya adui, anaambiwa haya pigana, na mchezo anaokutana nao anaujua! Hakufundishwa sheria, hakuuliza hapa goti linaruhusiwa au vipi. Yani kabla hata hajafika, watu wa pande zote mbili walikuwa wanapigana kwa namna ileile. Na rudi nyuma zaidi, 1431 jeshi la Ayutthaya ndo liliiteka Angkor, likabeba watu wa huko, mafundi, wachezaji ngoma, watu wa ikulu. Karne kwa karne hawa wanatekana tu, leo wewe kesho mimi, na mtu ukimteka unateka na mikono yake na miguu yake na anachokijua. Mateke yalisafiri na mateka. Ndo maana hii habari ya nani alianza mi huwa naona inatuchosha bure, mipaka mnayoiona kwenye ramani ni ya juzi tu, hiyo Thailand yenyewe ilikuwa inaitwa Siam mpaka 1939.

Mkitaka ushahidi msiangalie ngumi, angalieni dakika tano za kabla ya ngumi. Bondia wa Kithai anaingia na kilemba chembamba kichwani, mongkhon, anapiga magoti anainama anamshukuru mwalimu wake, wanaita wai khru. Kambodia hivohivo, kun kru. Hilo khru na kru ni neno moja na guru la Kihindi, lilikuja na dini na maandishi kutoka India. Hanuman naye, yule nyani wa Ramayana, hadithi ya kale ya India, Thailand yumo Kambodia yumo, na mabondia wameyapa mapigo jina lake. Alafu muziki. Pambano zima, sio kabla tu, linapigiwa zumari, ngoma na vitasa vidogo vya mkononi, Wathai wanaviita ching na Wakambodia wanaviita ching hivohivo. Kwa sisi watu wa pwani ukifumba macho unaweza dhani kuna harusi mtaa wa pili. Raundi za mwanzo muziki unaenda polepole, na mabondia nao wanapimana polepole, ikifika raundi ya nne zumari inapanda, ngoma inakimbia, na magoti ndo yanaanza kuingia kweli kweli. Hata jina la hiyo zumari kwa Kithai ni pi chawa, zumari ya Java, kwa hiyo nayo ilitoka ng'ambo.

Kijana wa jezi nyekundu, njoo hapa. Usiogope bwana sikupigi. Piga teke la kati, taratibu. Ona, nimelidaka hapa ubavuni, mguu wake nimeubana na mkono wa kushoto, sasa yuko na mguu mmoja. Watu wengi hapa wangemsukuma aanguke. Wathai wana pigo la zamani jina lake maana yake kuvunja mkonga wa tembo, kiwiko kinashuka hivi, juu ya paja, kwenye nyama. Mguu ndo mkonga wenyewe. Asante, kaa. Siku mwalimu wangu aliponionyesha hili kwa vitendo nilipanda ngazi za kwetu kwa kukaa, ngazi moja moja, siku mbili.

Sasa kama ni ndugu mbona hawafanani? Sheria, hakuna kingine. Zamani wote walikuwa wanafunga mikono kwa kamba au kitambaa. Thailand miaka ya 1920 wakaanza kuvaa glavu, na inayosimuliwa sana ni kwamba kuna bondia Mkhmer alifia kwenye pambano la mikono ya kamba, baada ya hapo ikawa basi. Vikaja viwanja vya ngumi Bangkok, Rajadamnern ikafunguliwa 1945, Lumpinee 1956, ulingo wa kisasa, majaji, pointi, na kamari ndo usiseme. Ukiwa na glavu na pointi unajifunza kushikana shingo, kupanga teke lionekane. Burma hawakuvaa. Lethwei mpaka leo ni bandeji na tepu tu, na kichwa ruksa, ndo wanajisifia silaha tisa wakati Wathai wana nane (ngumi mbili, viwiko viwili, magoti mawili, miguu miwili), ingawa hata Wathai zamani kichwa walitumia. Bondia wa lethwei anakualika kwa kukunja mkono mmoja kifuani na kuupiga kofi, paa paa, uwanja mzima unasikia. Ukizimika kona yako inaweza kuomba dakika mbili wakuamshe urudi!

Kambodia wenyewe walikaribia kuupoteza kabisa, enzi za utawala wa kikomunisti wa Khmer Rouge 1975 mpaka 1979 mchezo ulipigwa marufuku na mabondia wengi waliuawa, wachache waliobaki ndo wakaufufua. Kwa hiyo mkiwaona wana uchungu na jina muwaelewe kidogo. Ila kusema kweli ukizima sauti ya TV mi kun khmer na muay thai ya leo nashindwa kuzitofautisha. Laos wana muay lao, Malaysia kule Kelantan kuna tomoi, jina ambalo ni toi muay ya Kithai imegeuzwa ulimi tu.

Na hilo neno kikiboksi mlilolibandika hapo mlangoni si lao hata mmoja, ni la Mjapani, promota Osamu Noguchi, 1966.

Ndio, wewe wa nyuma. Anauliza wakikutana nani anashinda. Kwa sheria za nani? Raundi tano zimeisha wote mmesimama, Bangkok majaji wanatoa kadi, Yangon huko Burma lethwei ya asili haina pointi, hamjaangushana ni droo nendeni mkale. Mkanada mmoja, Dave Leduc, alikubali kwenda kupigana kwao kwa sheria zao, Desemba 2016 akamtoa Tun Tun Min, akaondoka na mkanda.

Haya, leteni bandeji. Kamba leo hapana.