Kiitikio Kimoja Kinatosha: Kufundisha Vijana Kifaransa kwa Wimbo

Haya walimu wenzangu, karibuni. Leo tunaandaa kipindi cha Kifaransa kwa wimbo mmoja tu, kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 17. Simu, spika, karatasi, vyote unavyo. Twende.

Wimbo wangu ni "Je veux" (yaani "nataka") wa Zaz, mwimbaji wa Ufaransa, wa mwaka 2010. Naupenda kwa sababu kiitikio chake kinarudia "je veux" tena na tena, hivyo kitenzi vouloir, yaani kutaka, kinazoeleka masikioni kabla hujaandika kanuni yoyote ubaoni. Ukichagua wako, angalia kiitikio kwanza, umaarufu baadaye. Na soma beti zote mwenyewe mpaka mwisho, maana vijana watatafuta maana ya kila neno, hasa lile ulilotaka walipite.

Chapa maneno. Hilo unalijua.

Sasa nafasi za kujaza, na hapa naomba utulie. Ngoja nisogeze karatasi, taa inaimulika vibaya... haya, sasa inasomeka. Tazama mstari huu. Nafuta neno la mwisho, kwa sababu mara nyingi hapo mwimbaji anavuta pumzi na mwanafunzi anapata muda wa kuandika. Mstari unaofuata nauacha mzima. Mzima kabisa! Usifute maneno mawili yanayofuatana. Kijana akiwa bado anaandika la kwanza, la pili limeshapita, la tatu hata halisikii, na kalamu inawekwa chini. Kalamu ikishawekwa chini, kumrudisha ni kazi. Kwa hiyo nafasi moja, mstari mzima, ndipo nafasi nyingine.

Mara ya kwanza wasikilize bila karatasi. Uliza tu wamenasa neno gani. Mara ya pili gawa karatasi na upunguze kasi ya video mpaka 0.75, kwa sababu Zaz anaimba haraka na anameza irabu. Usishuke zaidi ya hapo, sauti inaharibika.

Mmeona? Hata huu mstari wa nne nimeufuta maneno mawili ya mwisho. Narudishia moja kwa kalamu. Kagua karatasi yako kabla ya kutoa nakala, tafadhali, kagua.

Sasa kuna jambo linalosahaulika sana. Chukua neno "lune", yaani mwezi wa angani: katika mazungumzo ya kawaida lina silabi moja, ile "e" ya mwisho haisikiki. Katika nyimbo nyingi "e" hiyo inapewa noti yake, inakuwa lu-ne, na wanafunzi wanatoka nayo hivyo hivyo mpaka kwenye mazungumzo. Dawa yake: wakishaimba mstari, waseme mstari huo huo bila tuni, kwa sauti ya kuongea. Imba, kisha sema. Zoezi lisiishie kwenye kuimba.

Waimbe kwa kundi. Usimsimamishe mmoja aimbe peke yake. Kijana akichekwa mbele ya wenzake, hafungui kinywa tena.

Halafu kila mmoja aandike mistari yake minne inayoanza na "je veux", abadilishane na jirani, na jirani aigeuze kuwa "il veut" (anataka, kwa mvulana) au "elle veut" (anataka, kwa msichana). Mimi sehemu hii ndiyo naipa muda mrefu kuliko zote, maana hapo wanasema mambo yao wenyewe kwa Kifaransa.

Kipindi kinachofuata anza na kiitikio kile kile bila karatasi, wakijaze kwa kumbukumbu. Baada ya hapo ndipo uandike vouloir ubaoni, nafsi zote sita.