Asnières: nyumba ya Louis Vuitton na karakana ya masanduku

Habari zenu ndugu wa Dar, Mombasa, Bujumbura na kote mnakotazama. Leo tumeziacha taa za Champs-Élysées. Tupo Asnières-sur-Seine, kaskazini-magharibi mwa Paris. Unapanda treni kituo cha Saint-Lazare, au metro namba 13 unashuka Gabriel Péri. Usije ukapiga hodi tu, hapa ni kazini, si dukani. Mgeni huingia kwa miadi.

Kwa nini pembezoni huku? Louis Vuitton, fundi wa masanduku ya safari, alifungua duka mjini mwaka 1854, na mwaka 1859 akaleta karakana hapa. Mto Seine uko karibu, kwa hiyo mbao zilifika kwa mashua. Na reli ilipeleka masanduku Saint-Lazare, jirani na wateja wake. Familia ikajenga nyumba ubavuni mwa karakana. Tazameni vile vioo vya rangi sebuleni. Vizuri, lakini utamu uko kwa mafundi.

Masanduku ya zamani yalikuwa na mfuniko wa mgongo, maji ya mvua yateleze. Tabu ni kwamba hayapangiki. Mwaka 1858 Vuitton akatoa la mfuniko bapa, akalivika turubai lisilopenya maji badala ya ngozi, maana ngozi ni nzito na huota ukungu safarini. Pierre Savorgnan de Brazza, yule aliyeuachia jina mji wa Brazzaville, alikuwa na sanduku lake ambalo ukilifungua linatoka kitanda.

Haya, kazi yenyewe. Kiunzi ni mbao za mti wa popla: nyepesi, na hazipindi ovyo zikikaushwa vizuri. Zikibaki na unyevu, zitanywea baadaye na misumari italegea. Nyuma, mfuniko hushikwa na kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi badala ya bawaba za chuma. Kisha turubai. Gundi ikizidi inaacha vinundu, ikipungua kona zinabanduka, na hewa ikinaswa chini panavimba. Ndiyo maana fundi anasugua kuanzia katikati kwenda ukingoni, taratibu.

Kingo zinafunikwa kwa lozine, ule utepe mgumu wa kahawia. Wengi hudhani ni ngozi. Ni nyuzi za karatasi na pamba zilizoshindiliwa. Hapa ndipo nyundo inapotoa hukumu. Msumari wa shaba ukiingia upande, kichwa kinakata lozine, na ukiung'oa tundu linabaki pale pale, halifichiki. Masanduku yetu ya arusi ya mwambao nayo yana misumari ya shaba, ila kule inachora maua. Hapa kazi yake ni kushika.

Mpini unashonwa kwa mkono: sindano mbili, uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, na matundu hutobolewa kwanza kwa msharasi. Sindano zote mbili hupita tundu moja, kila moja ikitokea upande wake. Uzi ukikatika upande mmoja, wa upande wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja unaweza kufumuka mstari mzima.

Sasa nyie wa mitumba, sikilizeni. Turubai lenye herufi LV, lililobuniwa na mwanawe Georges mwaka 1896, siku hizi ni pamba iliyopakwa plastiki, basi msilitafutie harufu ya ngozi. Tazameni mpini. Ngozi yake ya asili haina rangi wala mafuta ya kuilinda, hivyo jua na jasho la mikono huigeuza rangi ya asali, na tone la maji huacha doa. Mkoba ukiuzwa kama umetumika miaka kumi na mpini bado mweupe pe, ama umebadilishwa, ama muuzaji anawachezea.