Adrenalini kwanza, Piriton baadaye

Nimeombwa nizungumzie dawa zote za mkoba wa dharura. Sitafika, maana hii moja, adrenalini, bado mnaikosea.

Mtu kala kamba wa nazi, midomo imevimba, sauti inakwaruza, kifua kinalia mluzi, presha inashuka: huo ni mzio mkali. Mnampa nini? Nasikia Piriton huko nyuma. Piriton hutuliza mwasho. Koo linaloziba hailifungui. Haidrokotizoni nayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Anayeletwa Lamu kwa boti kutoka Kizingitini saa hizo hana.

Ampuli, kile kichupa cha adrenalini, ina miligramu 1 ndani ya mililita 1. Kwa mtu mzima vuta nusu mililita, choma msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtoto wa miaka 6 hadi 12, mililita 0.3, wa miezi 6 hadi miaka 6, mililita 0.15, kwa bomba la sindano la mililita 1, si lile la 5.

Mtaniambia: ni mwanamke, kavaa buibui, mkono ndio rahisi. Mkononi dawa huingia polepole, na kalioni huishia kwenye mafuta. Wenzake washike leso iwe pazia. Wewe wahitaji upana wa viganja viwili tu.

Dakika 5 bila nafuu, rudia. Mlaze, miguu juu. Akihema kwa shida aketi. Asisimame! Gatini ndipo mnapoharibu: kapata nafuu, mwamwambia apande ngazi mwenyewe. Damu yashuka miguuni, moyo wakosa cha kusukuma, aanguka. Machela mmeibebea nini?

Na mshipani? Hapana. Miligramu 1 mshipani ni ya moyo uliosimama, kila dakika 3 hadi 5. Mwenye mapigo ukimpa hiyo, moyo waweza kuvurugika na presha ikapaa hadi kumuua. Kwa hiyo mmoja asome ampuli kwa sauti, mwenzake aitikie: jina, nguvu, tarehe. Ikigeuka waridi au kahawia, tupa. Mwanga na joto huiharibu, nanyi mwaiweka kwenye sanduku juani, mbele ya boti! Ikae ndani ya boksi lake, chini ya nyuzi 25.

Muda umekwisha? Haya. Asipirini ya maumivu ya moyo, miligramu 300, itafunwe. Aliyeshukiwa na sukari: glukosi ya 50% ikivuja nje ya mshipa huua nyama. Tumia ya 10%, mililita 250, gramu ni zile zile 25 za mililita 50 za ile ya 50%. Na asali msimimine kinywani mwa asiyejitambua, jamani.

Salbutamoli, ya pumu, nimeiacha. Mwenye mabomba ya mililita 1 agawe, tufanye mazoezi kwa kuvuta maji.