Vikaratasi Kutoka Nyuma ya Pazia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, vijana, na mama zetu mlioko nyuma ya pazia. Shaaban hii harusi zimefuatana, kila mtu anataka kuoa kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Basi nimeletewa vikaratasi vya maswali juu ya saumu na mambo ya mke na mume, na karibu vyote vinaanza hivi: "Ustadhi, nina rafiki yangu..." Huyo rafiki ana maswali mengi sana.

Tuanze na usiku, maana wapo wanaodhani Ramadhani nzima mke na mume ni kupeana mgongo. Mwanzoni saumu ilikuwa nzito: mtu akishalala baada ya magharibi, chakula na mke vyote haramu mpaka jua la kesho litue. Watu wakashindwa. Ikateremka aya ya 187 ya Suratul Baqara: mmehalalishiwa usiku wa saumu kuwaingilia wake zenu, wao ni vazi lenu na nyinyi ni vazi lao. Tangu magharibi mpaka alfajiri, halali.

Na alfajiri ikikukuta na janaba, yaani hujaoga baada ya kukutana na mkeo? Saumu yako ipo. Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama, wakeze Mtume, Mungu awe radhi nao, wamesimulia kuwa alfajiri ilikuwa ikimkuta Mtume na janaba ya wakeze, kisha huoga na kufunga. Usiache kufunga kwa sababu mabomba yamekauka! Ila sala ya alfajiri haikungoji.

Kubusu mchana: Mtume alibusu naye amefunga, lakini Bibi Aisha mwenyewe akaongeza kuwa Mtume alikuwa mwenye kujimiliki kuliko nyinyi nyote. Imepokewa pia kwamba Mtume alimruhusu mzee, kijana akamkataza. Bwana harusi wa juzi, wewe unajijua uko wapi. Ukishuka manii kwa kugusana, saumu imekwenda; utalipa siku, lakini kafara, yaani fidia ya kosa, huna.

Kafara ni ya jimai. Mtu mmoja alimjia Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, wala hakusema ana rafiki. Alisema: "Nimeangamia!" Una nini? Nimemwingilia mke wangu nami nimefunga. Unaye mtumwa wa kumwacha huru? Hana. Utaweza kufunga miezi miwili mfululizo? Hawezi. Kulisha masikini 60? Hana kitu. Akakaa pale. Mara likaletwa kanda la tende. Yuko wapi muulizaji? Chukua, katoe sadaka. Akasema: nimpe aliye fukara kuliko mimi? Wallahi, baina ya harra mbili, yaani yale majabali meusi ya pande mbili za Madina, hakuna nyumba fukara kuliko yangu. Mtume akacheka mpaka chonge zikaonekana. Akamwambia: kawalishe watu wako.

Hakukaripiwa, mmeona? Lakini vijana hukimbilia mwisho wa kisa: "Basi nami nitawalisha wanangu, yaishe." Haiishi. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, asiyeweza leo kafara inabaki deni mpaka aweze. Baadhi ya mapokezi yanasema lile kanda lilikuwa na pishi 15, kile kipimo cha nafaka. Piga hesabu: pishi moja ina vibaba vinne, kwa hiyo ni vibaba 60, kila masikini na kibaba chake.

Wala usikimbilie kununua mchele. Watumwa hawapo, kwa hiyo la kwanza kwako ni miezi miwili, na kulisha ni kwa asiyeweza kweli, si kwa anayeona uvivu. Tena angalia kalenda: anza tarehe 2 Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, utamaliza mwanzoni mwa Mfungo Tatu. Ukichelewa mpaka katikati ya mwezi, Idi ya kuchinja itakukuta njiani, siku hiyo haifungwi, na hesabu inarudi moja. Ukiharibu siku mbili, ni kafara mbili. Na kila siku uliyoiharibu unailipa kando.

Kikaratasi cha mwisho kimeandikwa kwa penseli, herufi ndogo ndogo: "Rafiki yangu, mwaka jana, mumewe ndiye aliyetaka, naye akakubali. Je, naye afunge miezi miwili?" Mahanafi na Mamaliki, wenzetu wa madhehebu mengine, wanasema mke aliyeridhia anayo kafara yake. Kwetu, kauli yenye nguvu ni kwamba kafara ni ya mume. Mke analipa siku. Mwambie rafiki yako, kama bado hajailipa, ailipe wiki hii, kabla mwezi haujaandama. Mume ndiye wa kuingojea Mfungo Mosi kwa kafara yake.